Kizibo Sikioni: Majibu kwa Wanaosifu na Wanaoponda

Mapambo yaliyotengenezwa kwa plastiki iliyotupwa yana bahati mbaya: wanaoyachukia wanayasema vibaya, na wanaoyapenda wanayasema vibaya zaidi. Wa kwanza wanashikilia kwamba taka ni taka, hata uitie ndoano na kuining'iniza sikioni. Wa pili wanasifu mpaka unawaonea haya: bangili hii imeokoa kasa, mkoba ule umesafisha Bahari ya Hindi. Nimekuwa mnunuzi wa vitu hivi kwa miaka, na nimekaa na mafundi wa pwani ya Kenya nikiangalia mikono yao. Katika makelele yote hayo ni nadra kumsikia mtu akiuliza swali ambalo angemuuliza seremala au sonara bila kufikiri: je, kazi hii imefanywa vizuri?

Basi nitayachukua madai yenyewe, moja baada ya jingine. Naanza na wanaosifu, maana wao wanaharibu zaidi.

"Ukinunua hereni hizi, unaokoa bahari."

Tupige hesabu. Kizibo cha plastiki cha chupa ya maji kina uzito wa gramu mbili au tatu. Hereni za vizibo viwili, kwa hiyo, zimeondoa gramu tano hivi za taka. Kufikisha tani moja unahitaji jozi 200,000. Sasa weka hapo kando makadirio ya OECD, jumuiya ya kiuchumi ya nchi tajiri, kwamba mwaka 2019 dunia ilitoa tani milioni 353 za taka za plastiki, na asilimia 9 tu ndiyo iliyorejelezwa. Masikio ya binadamu wote hayatoshi, hata kila mmoja akitoboa matundu saba.

Na bahari yenyewe haichafuliwi zaidi na vizibo. Mwaka huo huo wa 2019, watu wa kujitolea walikwenda Aldabra, kisiwa cha matumbawe cha Shelisheli kisicho na mji wala kiwanda, wanakoishi watafiti wachache tu. Kwa wiki tano walizoa tani 25 za taka zilizoletwa na mawimbi. Wanasayansi wakakadiria kwamba tani 513 bado zilikuwa zimebaki pale pale. Sehemu kubwa mno ya uzito huo, asilimia 83, ilikuwa nyavu, kamba na vifaa vingine vya uvuvi. Ndara zilifika asilimia 7. Anayetaka kuipigania bahari kwa dhati na aanze na wenye meli za uvuvi, halafu aje kwa muuza hereni.

Watu wa Lamu wanajua kuliko wote kwamba kitu cha taka hakisafishi bahari. Jahazi la Flipflopi lililoundwa huko chini ya fundi Ali Skanda lilikula takriban tani kumi za plastiki na kuvishwa ndara 30,000 za rangi zote. Liliteremshwa majini Septemba 2018, na mapema mwaka uliofuata likasafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar, likitia nanga mji kwa mji na watu wakiteremka kuzungumza. Tani kumi ni nyingi kwa fundi wa majahazi. Kwa bahari ni tone. Lakini chombo kile kiliundwa kibebe maneno, na kiliyabeba. Hereni nayo inaweza kubeba maneno kidogo, mtu akikuuliza umeitoa wapi. Ikishabebeshwa bahari nzima, inazama na mwenye nayo.

Kilicho kweli ni kwamba umemlipa mtu kwa kazi ya mikono, na kitu kilichokuwa kinakwenda jaani kimeahirishiwa safari yake. Nasema kimeahirishiwa. Hereni ikikatika ukaitupa, imerudi kwenye safari ile ile. Mimi naona hayo mawili yanatosha kabisa kumfanya mtu anunue, na sielewi kwa nini muuzaji analazimika kuongeza kasa.

"Hii ni plastiki iliyookotwa baharini."

Pengine. Ila ukiiona inang'aa na haina ufa, uliza tena.

Plastiki iliyokaa ufukweni kwa muda mrefu huliwa na jua. Rangi inapauka, uso unakuwa kama umepakwa chokaa, na ukiikunja inavunjika vipande vipande. Fundi anayejua kazi yake huchukua kipande, hukikunja kwa vidole viwili, na kikilia huking'oa kwenye fungu na kukitupa upande. Kizibo cha namna hiyo ukikitoboa kwa sindano ya moto kinapasuka kwenye tundu, kama si leo basi wiki ijayo mvaaji akikivuta kupitisha nguo kichwani. Plastiki nzuri ya hereni ni ile iliyotoka jikoni, mkahawani, kwenye sherehe ya harusi, kabla haijaona mchanga.

Wafanyabiashara wakubwa wamelitafutia hili dawa ya maneno. Siku hizi wanasema plastiki "iliyokuwa njiani kwenda baharini", na kipimo kinachotumiwa sana ni taka iliyo ndani ya kilomita 50 kutoka pwani, mahali ambapo uzoaji wa taka ni dhaifu au haupo. Kwa kipimo hicho kizibo kilichotupwa sokoni Mariakani, ambako hakuna aliyewahi kusikia wimbi, tayari ni mali ya bahari. Sisemi ni uongo, maana mvua ikinyesha mitaro hubeba mengi. Nasema tu kwamba kuna tofauti kati ya kilichookotwa ufukweni na kilichookotwa Mariakani, na mnunuzi aliyelipia cha kwanza asipewe cha pili kwa jina la cha kwanza.

"Plastiki ni plastiki. Kusanya, yeyusha, mimina."

Dai hili linanikera kuliko yote, maana linaweza kumuumiza mtu mapafu, na linatolewa kwa urahisi na wakufunzi wa semina za siku moja ambao baadaye hawaonekani tena.

Plastiki ni ukoo mkubwa, na ndugu hawapatani. Geuza chombo chako uangalie chini: mara nyingi utakuta pembetatu yenye namba ndani. Namba 1 ni PET, chupa za maji na soda. Namba 2 ni plastiki nzito ya madumu na chupa za shampuu. Namba 3 ni PVC, ya mabomba na baadhi ya mazulia. Namba 4 ni laini, ya mifuko na karatasi za nailoni. Namba 5 ni polipropilini: ndoo, vyombo vya siagi, vizibo vingi. Namba 6 ni ile ya vikombe vinavyokatika kwa mlio. Namba 4 inalainika karibu na nyuzi 110, namba 2 karibu na 130, namba 5 karibu na 160 na zaidi kidogo. PET haiyeyuki mpaka ipite nyuzi 250. Ukizitia zote sufuria moja, nyingine zimeanza kuungua na nyingine hazijajua kama kuna moto.

Hata zile zilizo karibu kwa joto hazichanganyiki vizuri. Ukiyeyusha namba 2 pamoja na namba 5, kibao kinatoka chenye mistari ya kupendeza, lakini ukikikata hubambuka tabaka kwa tabaka. Bangili ya namna hiyo inapendeza dukani na inakatika kwenye matatu.

Kizibo kidogo hakina nafasi ya namba, na hapo ndipo mafundi wazuri hutumia beseni. Tia maji safi, ongeza tone la sabuni ili viputo visishike, kisha tumbukiza vipande. Namba 2, 4 na 5 huelea. PET na PVC huzama. Nimemwona mama mmoja akifanya hivi kwa kasi ya mtu anayepembua mchele: vilivyozama anavikusanya kwa kiganja na kuviweka kando, vilivyoelea anavienua kwa chujio la chai. Nilipomuuliza kwa nini anajisumbua na wakati ana moto mdogo tu wa kubania, alinijibu bila kuinua macho, "Mwanangu, cha kuzama hakiingii kwangu. Sijui ni nini, na pua ninayo moja."

Yuko sawa. PVC ikipata joto hutoa gesi ya haidrojeni kloridi, ambayo ikikutana na unyevunyevu wa koo na mapafu hugeuka asidi. Huhitaji moto wa kiwandani kuipata. Mtu anaweza kuitoa kwa mshumaa chumbani kwake, mtoto akiwa amelala pembeni.

Kuna na mengine ya kukataa bila mjadala. Dumu lililobeba dawa ya wadudu au mafuta ya gari halioshwi likaisha. Plastiki nyeusi ya televisheni na kompyuta mbovu huwa na kemikali za bromini za kuzuia moto, na wachunguzi katika nchi mbalimbali wamezikuta kemikali hizo kwenye midoli na hata vibanio vya nywele vilivyotengenezwa kwa plastiki nyeusi iliyorejelezwa. Vibanio vya nywele! Yaani mapambo hasa tunayoyazungumzia. Fundi akikwambia jeusi lile linapendeza, muulize lilikuwa nini zamani.

Na kuna njia ambayo haina moto kabisa, nayo ni ya ndara. Sponji ya ndara huoshwa, hupangwa kwa rangi, hugandishwa kwa gundi tabaka juu ya tabaka, huchongwa kwa kisu na kusuguliwa kwa msasa. Hapo hatari ni gundi, ambayo inataka dirisha wazi, na vumbi. Kuhusu vumbi nina neno na baadhi ya karakana. Ungaunga ule wa rangirangi unaobaki sakafuni ni plastiki ndogondogo, na ukiufagia kwenye mtaro, mvua ya kwanza ikiupeleka kwenye hori za Tudor au Kilindini kule Mombasa, umeirudishia bahari taka yake ikiwa imesagwa tayari kwa kumezwa na samaki. Ufagie, uutie kwenye mfuko, uufunge. Ukisugua kwa maji, chuja maji kwa kitambaa kabla hujayamwaga. Karakana isiyofanya hivyo haina haki ya kuchora kasa kwenye kibandiko chake.

"Ni taka. Mtu na heshima zake avae taka?"

Sasa zamu ya wanaoponda. Dai hili hutolewa kama vile ni la mila na utamaduni, kana kwamba bibi zetu walivaa dhahabu tupu.

Nenda kaskazini, upande wa Ileret kwenye Ziwa Turkana, na uvuke uingie bonde la Omo, Ethiopia. Wanawake wa Kidaasanach huvaa kofia nzito zilizoshonewa mamia ya vizibo vya bati vya soda, pamoja na mikanda ya saa zilizokufa. Hakuna shirika lililowafundisha. Waliona kitu kinachong'aa, chepesi kutoboa, kinachopatikana, wakakiingiza katika urembo wao kwa vipimo vyao wenyewe. Akala za tairi, ambazo Watanzania huziita makatambuga, zimevaliwa na wafugaji kwa vizazi, na hakuna aliyemwambia Mmasai amevaa taka. Na nani kati ya waliokulia mitaani hakucheza mpira wa majuala, yaani mifuko ya plastiki, uliofungwa kwa kamba mpaka ukadunda? Mpira ule ulikuwa na mtengenezaji mmoja mtaani ambaye wa kwake haufumuki. Sote tulimjua.

Hata karakana inayojulikana zaidi Kenya kwa kazi ya ndara ilianzia kwa watoto. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Julie Church, mhifadhi wa viumbe vya bahari aliyekuwa akifanya kazi katika hifadhi ya Kiunga, aliwaona watoto wa kisiwa cha Kiwayu wakijitengenezea midoli kwa ndara zilizosukumwa ufukweni. Kutoka hapo ikakua kazi ambayo leo inaitwa Ocean Sole, na twiga wake wa rangi wanauzwa mbali sana na Kiwayu. Jina la kampuni linajulikana. Majina ya watoto wale hayajulikani, na ndio waliokuwa wa kwanza.

Magharibi ya bara hili, katika kijiji cha Njau nchini Gambia, Isatou Ceesay alianza mwaka 1997 na wanawake wachache: wakaokota mifuko ya plastiki, wakaifua, wakaikata nyuzi, wakafuma vipochi. Jambo linalonivutia katika habari zao ni kwamba kipochi kilibidi kiuzike kama kipochi. Mama aliyekwenda nacho sokoni alitaka kisimwage sarafu. Hilo ndilo jibu kwa mwenye heshima zake. Haulizwi kitu kilikuwa nini. Anaulizwa kama kimesimama.

"Bei ni ya wizi."

Nilisikia mazungumzo haya kwenye kibanda kimoja Mji wa Kale, Mombasa, na nimeyarudia mara nyingi tangu hapo.

"Dada, hereni hizi pesa ngapi?"

"Mia tatu hamsini, kaka."

"Mia tatu hamsini kwa kizibo cha soda?"

"Kizibo ni bure, kaka yangu. Wewe niletee vyako kutoka nyumbani, nikutengenezee hapa hapa mbele yako. Kwa mia tatu hamsini."

Kaka alicheka, akalipa. Wengi hawalipi. Kosa lao ni kudhani kwamba malighafi ikiwa bure, kitu kizima kinakaribia kuwa bure. Ukweli ni kinyume. Mshonaji anayenunua kitambaa kipya anaanza kazi palipo safi. Fundi wa taka anaanza kazi nyuma ya sifuri. Lazima aokote au amlipe mwokotaji, aoshe, aanike, apange kwa aina, apange kwa rangi, atupe zisizofaa. Baada ya hayo yote ndipo anafika alipoanzia mwenzake.

Chukua kipochi cha kufuma. Mfuko wa plastiki unalazwa mezani na kunyooshwa kwa kiganja mpaka hewa itoke. Vishikio vinakatwa, mshono wa chini unakatwa, kinabaki kitu kama mrija bapa. Unakunjwa na kukatwa pete za upana wa sentimita tatu. Tuseme mrija una urefu wa sentimita 40: unapata pete 13. Kila pete inapitishwa ndani ya mwenzake na kuvutwa taratibu, fundo likae dogo. Ukivuta kwa pupa pete inakatika na unaanza upya. Mfuko mzima unakupa uzi wa mita nne au tano. Sindano ya krosheti lazima iwe nene, maana uzi huu hauteremki kama sufi, unang'ang'ania. Unafuma kwa kulegeza, na baada ya saa nzima kidole cha shahada kimekuwa chekundu. Mfuko mmoja umeisha, na kipochi hakijafika hata nusu ya kitako. Mifuko minene na myembamba haichanganywi kwenye safu moja, la sivyo kipochi kinapinda. Mtu asiyejua anaona vurugu za rangi. Anayejua anaona kwamba safu zote zimelingana.

Anayesema kazi hii haina ujuzi, nimwombe afume safu tatu tu.

Hata hivyo, sitamtetea kila muuzaji. Kuna wanaopandisha bei kwa sababu ya hadithi, huku ncha za uzi zikining'inia na tundu la hereni limetobolewa pembeni. Mnunuzi anaona aibu kulalamika kwa sababu ameambiwa pesa inakwenda kwa kina mama. Huruma ya namna hiyo inaiua kazi. Fundi mbaya anauza sawa na fundi mzuri, na fundi mzuri hana sababu ya kuendelea kujisumbua na beseni lake. Ukinunua, pitisha ukucha kwenye ukingo: usikwaruze. Inua hereni zote mbili kwa pamoja: zining'inie kwa urefu mmoja na zitazame upande mmoja. Vuta ndoano kidogo. Zikishindwa hapo, rudisha, na usijisikie vibaya.

"Zinawasha masikio, kwa sababu ya plastiki."

Mara nyingi mkosaji ni ndoano. Ndoano za bei ya chini huwa na nikeli, na nikeli ndiyo chanzo kinachojulikana sana cha masikio kuwasha na kutoa maji. Umoja wa Ulaya uliiwekea mipaka katika vitu vya kuvaa kwa sheria ya mwaka 1994, na huko ndoano inaulizwa kabla ya hereni. Hapa kwetu fundi hununua ndoano kwa pakiti bila kuambiwa ni madini gani. Atumie za chuma cha pua au fedha halisi, na aandike hivyo kwenye kadi. Zitapanda bei kidogo. Mteja aliyewahi kulala na sikio lililovimba hatabishana.

"Majuala yalipigwa marufuku, malighafi imekwisha."

Kenya ilipiga marufuku mifuko ya kubebea tarehe 28 Agosti 2017, kwa adhabu inayoweza kufika shilingi milioni nne au kifungo cha miaka minne. Rwanda ilitangulia mwaka 2008, na Tanzania bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya rambo ikatoweka madukani. Ni kweli mafundi wa kufuma waliguswa. Lakini pitia pipa la jirani yako kesho asubuhi: karatasi za mkate, pakiti za krispi, vifuko vya maziwa, vizibo, chupa, ndara iliyokatika mkanda. Marufuku iligusa mfuko wa kubebea, haikugusa kifungashio cha kiwandani. Na mafundi wamehama na taka. Kwa hakika hilo ndilo linalofanya kazi hii kuwa ngumu kuifundisha kwa kitabu: malighafi inabadilika sheria ikibadilika, na mkono unajifunza tena.

Kuna hoja ya uchungu zaidi iliyojificha humo, nayo sitaiepuka: kama siku moja taka itakwisha kweli, ufundi huu utakufa. Na ufe. Fundi anayeweza kusawazisha uzi wa juala anaweza kusawazisha uzi wowote.

"Ni vitu vya watalii, Mwafrika hanunui."

Hapa mpondaji na msifuji wamekutana. Mmoja anasema hivyo kwa dharau, mwingine kwa mkakati wa masoko, na wote hawajapita sokoni. Tazama wanawake wakirudi na mboga, Kongowea au Kariakoo, uhesabu vikapu vilivyosukwa kwa mikanda ya plastiki, ile ya kufungia maboksi na marobota. Ni imara, havilowi, vinaoshwa kwa maji ya bomba, na vishikio vyake havikatiki kwa kilo tano za viazi. Hakuna kibandiko kinachosema vimeokoa chochote. Vinanunuliwa kwa sababu vinabeba. Hata kiondo cha Ukambani, ambacho kila mtu anakijua kwa mkonge, kimesukwa kwa nyuzi za nailoni kwa miongo, kwa sababu msusi alizipata na zilidumu.

Soko la ndani lipo, ila lina masharti yake. Mteja wa Likoni hanunui hadithi. Anataka pochi yenye zipu inayofunga, rangi inayokwenda na leso yake, na bei anayoweza kupunguziwa kidogo. Mafundi wengi hawajamtengenezea huyo. Wametengeneza kile ambacho mgeni atapiga picha: rangi zote kwa pamoja, maneno ya Kiingereza yameshonwa mbele. Kisha msimu wa wageni ukiisha, karakana inalala. Huo ni uchaguzi wa bidhaa, na unaweza kubadilishwa bila kongamano lolote. Kwa msichana anayekwenda chuoni, hereni nyeusi na nyeupe za vizibo, ndogo, zisizopiga kelele, ni hereni tu.

"Ashukuru amepata duka la kuweka vitu vyake."

Hili husemwa na wenye maduka ya zawadi, hasa kwenye mahoteli, na husemwa kwa tabasamu. Utaratibu ni ule ambao ndugu zetu wa Tanzania huuita mali kauli: fundi anaacha vipochi 30, duka linauza kwa wakati wake, pesa zinakuja zikiuzika. Kwa maneno inaonekana ni hisani. Kwa vitendo fundi amelikopesha duka wiki zake kadhaa za kazi bila riba, na vikipauka dirishani kwa jua anarudishiwa yeye. Nimemsindikiza fundi mmoja kwenda kudai pesa za msimu uliopita katika duka ambalo sitalitaja. Aliambiwa mhasibu yuko likizo, halafu kwamba daftari halionyeshi vipochi vyake, halafu kwamba aache vingine vya rangi ya bluu kwa sababu vile vya kwanza vilipendwa sana.

Duka linalonunua kwa fedha taslimu, hata kwa bei ya chini kiasi, ni rafiki kuliko linalosifu. Na kama ni lazima mali kauli, iwe na karatasi: idadi, bei ya kila kimoja, tarehe ya kulipwa, nani anabeba hasara ya kilichoharibika, sahihi mbili, nakala mbili. Fundi yule sasa anatembea na daftari la nakala za kaboni. Maduka mawili yametia sahihi. La tatu lilimwambia kwamba kazi hii ni ya kujitolea kwa ajili ya mazingira, mambo ya sahihi yanaleta kutoaminiana. Aliwajibu kwamba mazingira hayamdai kodi ya nyumba, akahesabu vipochi vyake kurudi kwenye mfuko, na wiki hiyo hiyo akaviuza vyote kwenye harusi ya binamu yake huko Kisauni, kwa bei ile ile, pesa mkononi.